Mlango wa Mkwe

Kashindye aligonga sufuria tupu kwa mwiko, akanyamaza, kisha akagonga tena. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Mihayo, mumewe, alikuwa ameshatoka kwenda kazini kwenye kivuko cha Kamanga, na sasa mama angeweza kujitokeza.

Kanga iliyogawa chumba katikati ikasogea. Bi Mhoja akatoka ameinama, akasimama mlangoni na kusikiliza kwanza kabla ya kukanyaga uani.

"Ameenda?"

"Ameenda, mama."

"Alikohoa usiku."

"Ni baridi tu ya ziwa."

"Nilimsikia," Bi Mhoja alisema, akageuza uso pembeni kwa aibu.

Mama mkwe na mkwewe hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapishani njia moja, na hakuna anayepita mbele ya kitanda cha mwenzake. Kule kwao, ambako boma ni pana na kila mtu ana nyumba yake, jambo hilo halikuwa gumu. Lakini hapa Butimba walikuwa na chumba kimoja cha kupanga chenye mlango mmoja, na tangu Bi Mhoja aje kwa binti yake, mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, Mihayo alikuwa akila chakula chake barazani, hata mvua inyeshe, na kurudi ndani akiwa amejikohoza mara mbili ili pazia lifungwe.

Bi Mhoja alinawa uso, akamtazama binti yake akikunja kwa uangalifu karatasi ndefu ya ramani na kuifunga kwa uzi.

"Kamati inakaa leo?"

"Leo. Wasipoigongea ramani muhuri leo, kiwanja chetu cha Mkolani kinarudi kwao. Walishasema, msingi uonekane kabla ya mvua au apewe mwingine."

"Wakikataa mimi nitavuka maji. Mumeo amekula barazani vya kutosha."

"Utavuka uende kwa nani, mama?"

Bi Mhoja aliinama. Alianza kuokota punje za mahindi zilizoanguka karibu na jiko, moja moja.

Basi halikuja, kwa hiyo Kashindye alitembea. Msimamizi wake kiwandani, alikokuwa akifagia nyuzi za pamba chini ya mashine, alikuwa amempa ruhusa ya asubuhi tu, tena kwa kununa. Kwenye duka la ushirika foleni ya sabuni ilikuwa imeshapangwa kwa mawe na vikapu vikuukuu. Wenye mawe walikaa kivulini wakilinda nafasi zao. Mwanamke mmoja anayemfahamu alimwita, "Njoo uweke jiwe, wanasema na sukari ipo." Kashindye alipunga mkono akaendelea. Ramani aliikumbatia kifuani, mbali na jasho la kwapa.

Ofisi ya ramani, alikokuwa akienda, ilikuwa na ramani za mfano zilizotolewa bure kwa kila aliyepata kiwanja Mkolani. Nyumba ya vyumba viwili, sebule katikati, mlango mmoja mbele na mwingine mdogo wa nyuma kutokea jikoni. Ilikuwa nyumba nzuri. Ila vyumba vyote vilifunguka sebuleni. Mtu akitoka chumbani hana budi kupita mbele ya mwenzake.

Ndiyo maana walitafuta mtu wa kuwachorea. Kwanza walikwenda kwa Bwana Longino, mzee aliyechora ramani kwenye meza yake nje ya duka la mshonaji. Longino hakuwauliza kitu ila ukubwa wa kiwanja, na kabla Kashindye hajamaliza kumwamkia alikuwa ameshavuta mistari ya kuta. Wa pili alikuwa Rwegasira, kijana wa Bukoba aliyesomea usanifu, mwajiriwa wa ofisi hiyohiyo ya ramani. Walimfuata nyumbani kwake siku ya Jumapili. Huyo hakushika kalamu kabisa. Aliuliza tu: nani huamka wa kwanza, moto unawashwa wapi, nani hatakiwi kukutana na nani.

Kashindye alitazama sakafu. Mihayo ndiye aliyesema, naye akasema kwa mafumbo.

"Nimeelewa," Rwegasira alisema. "Kwetu pia yapo, ingawa si makali hivyo. Bibi atapata mlango wake upande wa mashariki. Atatoka, atakwenda jikoni na chooni, na hatamwona mtu."

Wakamchagua yeye. Lakini aliwaonya jambo moja. Mfanyakazi wa ofisi haruhusiwi kuchora kazi za nje, kwa hiyo ramani itakuwa na sahihi ya rafiki yake wa Bukoba. "Mkinitaja, mimi nimekwisha," alisema, huku akicheka kidogo.

Mlango wa ofisi ulilindwa na karani aliyeitwa Bernadeta, nywele zake zimesukwa kwa uzi mweusi.

"Una ramani ya mfano?" aliuliza.

"Hapana, dada. Nimechorewa."

Bernadeta akamtazama ndala zake, akapanda nazo mpaka kilemba. "Umechorewa. Haya, mama wa kuchorewa, kaa pale kwenye benchi na wenzako."

Jua lilikuwa limeshapanda sana alipoitwa. Ndani walikaa wajumbe watatu nyuma ya meza ndefu. Katikati alikuwa Bwana Maige, mwenyekiti wa kamati, Msukuma mwenzake wa makamo mwenye miwani na suti ya mikono mifupi. Karibu na dirisha, kwenye meza yake ya kuchorea, alikuwa Rwegasira. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo," Kashindye alisema.

"Marahaba. Ndugu, mumeo yuko wapi?"

"Yuko kivukoni, kazini."

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayetueleza." Maige alikuwa ameishikiza ramani kwa kidau cha wino upande mmoja na kikombe cha chai upande wa pili. Aliipitia polepole kwa kidole, sebule, chumba, jiko, choo. Kidole kikafika ukuta wa mashariki, kikagonga hapo.

"Huu ni mlango."

"Ndiyo."

"Chumba kina mlango wake wa nje. Hakina mlango wa kuingia ndani ya nyumba. Unajua sisi tunakiitaje chumba cha namna hii?"

Kashindye alitikisa kichwa.

"Chumba cha kupangisha. Serikali imegawa viwanja kwa wafanyakazi wakae, nyie mnataka kuwa wenye nyumba. Mpangaji anaingia kwake, anatoka kwake, mwisho wa mwezi analeta kodi. Huo ni unyonyaji, ndugu."

"Si cha mpangaji."

"Cha nani?"

"Cha mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu mzazi."

"Basi apite mlango wa mbele kama watu wengine. Amefanya kosa gani?"

Mjumbe wa kulia, mzee mwenye alama za chale kwenye nyusi, aliinamisha macho kwenye mikono yake. Alikuwa ameelewa. Maige naye alikuwa ameelewa, Kashindye aliona wazi. Ni mtu wa kwao, na hakuna mtu wa kwao ambaye angehitaji kuelezwa. Lakini alingoja alisikie likisemwa na mwanamke kijana mbele ya wanaume. Kashindye alitazama upande wa dirisha. Kalamu ya Rwegasira ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na doa la wino lilikuwa linakua pale ilipogusa.

"Mama hawezi kupita mbele ya mume wangu," alisema hatimaye, karibu bila sauti.

"Aa. Mambo ya mkwe." Maige aliegemea kiti. "Hayo yaacheni kijijini."

"Kijijini walimbomolea."

Alishangaa kujisikia amesema. Mjumbe wa kushoto aliacha kukoroga chai.

"Unasemaje?"

"Walisema nyumba yake iko mbali na wenzake. Wakaezua bati, wakaangusha kuta. Ndiyo maana yuko kwangu."

"Ndugu," Maige alisema taratibu, "hapa tunajadili ramani. Siasa usituletee."

"Basi nimjengee kijumba chake kule nyuma."

"Kiwanja kimoja, nyumba moja. Kanuni iko ukutani pale, kama unajua kusoma."

Kashindye alijua kusoma, ingawa shule aliiacha njiani. Hakugeuka kuitazama.

Maige alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. "Mimi sipendi kuwanyang'anya watu viwanja. Ondoeni mlango huo, wekeni mlango wa kuingilia sebuleni, tugonge muhuri sasa hivi. Mkishindwa, kuna watu wengi wanangoja." Akaita bila kugeuza kichwa, "Rwegasira. Wembe unao?"

"Ninao, mzee."

"Njoo umsaidie ndugu huyu."

Rwegasira alikuja na wembe, rula na kalamu. Alisimama mbele ya meza, karibu na Kashindye kiasi kwamba huyo alisikia pumzi zake. Hawakusalimiana. Akalaza wembe kwenye karatasi na kuanza kukwangua ule upinde mdogo unaoonyesha mlango unavyofunguka. Wino ulitoka kwa vumbi jeusi. Alipuliza, akakwangua tena, akalainisha mahali hapo kwa ukucha. Kisha kwenye pengo lililobaki akavuta mistari miwili myembamba, na mlango ukawa dirisha.

"Na ndani," Maige alisema.

Rwegasira akahamia ukuta wa katikati, uliotenga chumba cha mama na sebule. Wino wa hapo ulikuwa mzito, ilibidi akwangue kwa nguvu. Kashindye alitazama ule ukuta ukitoboka mbele yake.

"Kazi safi," Maige alisema, akimtazama msanifu juu ya miwani. "Utadhani ramani hii unaijua siku nyingi."

Rwegasira alipangusa wembe kwenye suruali yake. "Zote zinafanana, mzee."

"Eti zinafanana." Maige alicheka peke yake, akagonga muhuri. "Mkaguzi atakuja kuta zikifika usawa wa linta, juu ya milango na madirisha. Akikuta mlango pale, tutabomoa. Usije kusema hukuambiwa."

Kashindye alikuwa ameshashuka ngazi za ofisi aliposikia hatua nyuma yake. Rwegasira alisimama kana kwamba anatafuta kiberiti mfukoni.

"Umeona mwenyewe," alisema.

"Nimeona."

"Ningefungua mdomo, mimi ningekosa kazi na wewe kiwanja."

"Najua, kaka. Sikulaumu." Alifungua ramani kidogo, akatazama ile mistari miwili myembamba. "Dirisha hili upana wake ni kiasi gani?"

Rwegasira hakumtazama. "Ule ule wa mlango. Kingo sikuzigusa." Akapata kiberiti. "Na mimi sijakwambia kitu." Akarudi ndani.

Ruhusa ya asubuhi ilikuwa imekwisha zamani. Kashindye hakwenda kiwandani. Alifuata njia ya Mkolani akijua kesho atanuniwa, na pengine zaidi ya kununiwa.

Kiwanjani, Ngosha, fundi wao, alikuwa ameshapiga vigingi vya kuta za nje. Mihayo aliwahi kutoka zamu, naye alikuwa katikati, ameshika kamba. Kufunga kamba ndiyo kazi yake kivukoni, na aliifunga vizuri. Kashindye alimwonyesha muhuri kwanza, kisha ukuta wa mashariki. Mihayo alipitisha kidole mahali palipokwanguliwa.

"Wameutoa mlango," alisema.

"Wameutoa."

"Mama anajua?"

"Bado."

Ngosha aligeuza ramani, akapima, akapiga vigingi vya vyumba. Nyumba ikaonekana chini kwa kamba: hapa sebule, hapa chumba, hapa pengo la mlango wa mbele. Jua lilikuwa limeanza kulala Bi Mhoja alipotokea kwa mbali na kikapu cha chakula kichwani. Mihayo alimwona, akageuka mara moja na kuwapa mgongo, akiwa amesimama katikati ya sebule yake isiyo na kuta.

Bi Mhoja alifika kwenye pengo la mbele, akasimama. Angeweza kupita popote. Palikuwa na nyasi na kamba tu. Lakini alirudi nyuma hatua chache, akaanza kuizunguka nyumba kwa nje, taratibu, akifuata kamba ya ukuta mpaka upande wa mashariki.

"Wangu uko wapi?" aliuliza.

Kashindye akanyoosha mkono kuonyesha mahali.

"Hapo ni dirisha, bibi," Ngosha alisema. "Mlango wako uko ndani, wa kutokea sebuleni."

Bi Mhoja alitazama kule ndani, akaona mgongo wa mkwewe. Akatua kikapu. Akapandisha kanga yake kidogo, akavuka kamba pale pale palipokuwa mlango wake, akakaa chini ndani ya chumba, ameelekea mashariki.

Mihayo alibaki amegeuka, kamba mkononi.

"Shemeji," Ngosha alimwita Kashindye baadaye, akijikuna shingo, "chini ya dirisha hili nitahitaji saruji. Na hiyo saruji mnajua ilivyo, kibali tu ni wiki."

"Hapo usiweke saruji."

"Niweke nini?"

"Panga tofali kwa udongo mtupu, kutoka chini mpaka kizingiti cha dirisha. Na mlango wa ndani uujenge kama ramani inavyosema. Mkaguzi akishapita nitauziba kwa kabati."

Ngosha alimtazama, akamtazama bibi aliyeketi ndani ya kamba, akaitazama ramani yenye muhuri.

"Udongo hautadumu, shemeji. Ukisukumwa tu unatoka."

"Najua," Kashindye alisema, akainama kukaza kigingi.