Koki ya Chumba cha Boram

Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi jikoni, kichwa chini ya sinki, miguu imetokeza nje, akitukana mabomba. Mimi nilikuwa jikoni humo humo nachemsha supu ya mwani, ile anayopewa mzazi, namruka kila nikifuata chumvi. Sikumhurumia hata chembe.

"Mama Boram, niletee mpira wa maji."

"Jiletee mwenyewe. Miguu si unayo?"

Binti yetu alikuwa njiani. Alikuwa ametoka kujifungua, na huku kwetu Jecheon mwanamke aliyetoka kujifungua halazwi kwenye sakafu baridi, hata awe adui yako. Baridi ikimwingia mifupani siku zile, atazeeka nayo. Mama mkwe wake hayupo tena duniani, mumewe yuko melini, basi akanipigia simu: "Mama, naweza kuja nyumbani?" Nikasema njoo, hata hajamaliza kuuliza. Simu ilipokatika nikaingia chumbani kwake, nikaweka kiganja sakafuni. Barafu! Na vyumba vingine vyote vilikuwa na joto lake kama kawaida.

Nikaenda moja kwa moja kuangalia koki. Maji ya moto yanatoka kwenye boila, yanafika pale chini ya sinki, na hapo kila chumba kina koki yake na bomba lake linalozunguka chini ya saruji kuipasha joto sakafu tunayolalia. Koki ya chumba cha Boram ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, halafu ikakazwa kwa waya. Sikatai, mtaa mzima tunapunguza koki ya chumba kisicholaliwa, gesi si ya bure. Lakini mtu anayefunga kabisa, akaongeza na waya, huyo hawazi gesi.

"Ulifunga lini?" nikamuuliza.

"Siku ile," akasema, akageuza uso.

Siku ile ni siku Boram alipoolewa na mwanamume aliyekuwa ameshaoa na kuacha. Baba yake alisema kuanzia leo hana binti, na tangu hapo hakumsemesha tena. Hata tulipomzika mama yake yeye, bibi yake Boram, alimpita Boram kama anapita nguzo ya umeme. Nikadhani ni hasira za mdomo, zitapoa. Kumbe mzee mzima alipiga magoti chini ya sinki langu akamfungia mtoto joto!

Tulipofungua ile koki, boila ikanguruma kwa bidii, lakini chumba hakikupata kitu. Maji yaliyotuama bombani miaka yote yalikuwa yamegeuka tope la kutu, na tope limekaba. Nikapiga simu kwa mafundi. Kila mmoja ana foleni, maana baridi ile ilikuwa imewapasulia watu mabomba mji mzima. Mume wangu alionekana kufurahi.

"Afadhali," akasema. "Fundi angeniuliza kwa nini ilifungwa."

"Na ungemjibu nini?"

Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa chini ya sinki anazibua mwenyewe. Alizima boila, akafunga koki za vyumba vingine vyote, akachomeka mpira kwenye mdomo wa kutolea maji, akaupitisha mlango wa jikoni mpaka kwenye mtaro wa uani. Kisha akafungulia maji yasukume. Kikatoka kijito chembamba chekundu, kikakohoa, kikakata. Tukatoka uani, tukangoja. Wapi!

Jirani yetu Mzee Pyo, mtengeneza baiskeli, akachungulia juu ya ukuta.

"Baba Boram, unakamua ng'ombe?"

"Niazime pampu yako ya upepo, acha maneno."

"Pampu nakupa. Lakini sema kwanza, nani huyo anakuja mpaka ukagaagaa chini namna hiyo?"

Mume wangu akainama, akajifanya anakaza mpira.

"Binti yake!" nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ana aibu kumtaja."

Pampu ilipofika akageuza njia, akawa anasukuma upepo na maji kutokea upande yanakorudia. Anasukuma, anaachia, anasukuma tena. Mikono ilikuwa imemwiva kwa baridi. Nilitaka kumwambia apumzike anywe kitu cha moto, nikaukumbuka ule waya, nikafunga mdomo wangu.

Ghafla bomba likaguna. Tope likaja lote kwa mpigo, jeusi, zito kama rojo la soya lililochacha, likaufyatua mpira usiokazwa vizuri na kumrukia yeye kuanzia kifuani mpaka usoni. Harufu ya chuma ikajaa jikoni. Nilikuwa bado napiga kelele kuhusu supu yangu, bahati tu ilikuwa na kifuniko, teksi iliposimama langoni.

Boram akaingia, uso umemvimba, mtoto amefunikwa mablanketi hata pua haionekani. Akamwona baba yake. Akasimama mbele yake, akafunua mablanketi kidogo ili amwone mtoto. Mume wangu akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.

"Mwambie nimechafuka," akaniambia mimi.

"Mwambie mwenyewe! Huyu hapa!"

Boram akafunika mtoto, akatupita, akaingia chumbani kwake. Nikamkimbilia. Alikuwa amechuchumaa, kiganja sakafuni.

"Kitapata joto sasa hivi, mwanangu," nikasema. "Boila ilikuwa inasumbua tu, unajua tena vitu vya zamani..."

"Mama, usijisumbue. Usiku tuliomzika bibi nililala humu na koti na soksi mbili mbili. Nikatoka kwenda chooni, sakafu yote ya sebule ina joto. Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ili mgombane? Tulikuwa tumetoka kuzika." Akamtazama baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni anachuruzika maji meusi. "Leo nimekuja nione kama na mwanangu utamlaza hapa."

Jamani! Nilimtazama yule mzee nikingoja aseme neno, lolote lile, hata la kijinga. Aligeuka akarudi jikoni.

Basi nikamtandikia Boram chumbani kwetu, pale mahali penye joto kuliko pote, anapolala baba yake. Nikampelekea supu. Akala, akamnyonyesha mtoto, akavuta mlango akaufunga. Nikabaki na kudeki tope huku nalia, sijui nalia kwa hasira au kwa uchungu, maana vyote vilikuwepo. Mume wangu hakuacha kupitisha maji mpaka yakatoka meupe. Akawasha boila, akaenda kukaa kwenye chumba cha Boram, kiganja sakafuni. Nilimwekea chakula, hakukigusa. Saruji si sufuria, haipati moto upesi, na yeye hakuondoka.

Jua lilikuwa linazama alipotoka.

"Mwambie chumba chake kimepata joto."

"Siendi," nikasema. "Nimechoka kuwa mdomo wako."

Akasogea hadi kwenye mlango wa chumba chetu. Akakohoa. Nilidhani ataondoka.

"Boram," akasema. Akaanza upya. "Boram. Ile koki, mimi ndiye niliyeifunga."

Ndani mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa.

"Najua, baba," Boram akajibu.

Mlango haukufunguliwa. Mume wangu hakubanduka pale, suruali yake bado imelowa tope, na mimi nikaenda kumtafutia nyingine kavu.