Pole ya Kompyuta

Kazini kwao kaka yangu anaitwa Bwana Pole. Wenzake walimbandika jina hilo kwa mapenzi, naye analipenda, hata kikombe chake cha chai cha nyumbani kimeandikwa hivyo ubavuni. Mimi kila nikikiona kile kikombe natamani kinidondoke kwa bahati mbaya.

Kampuni yao inatengeneza programu za kompyuta za mezani. Mojawapo inaitwa Kabati: unaweka humo picha zako, barua zako na karatasi zako za maana, kisha unafunga kwa neno la siri. Zamani ukikosea neno hilo lilikuwa linatokea sanduku jekundu limeandikwa KOSA, na chini yake maonyo ya kiaskari askari. Wateja wakalalamika. Kuna bibi mmoja aliyesema anajiona mwizi mbele ya picha za wajukuu zake mwenyewe. Basi mkuu wao akamwita kaka, akamwambia aandike ujumbe mpya, ili mtu akikosea asijione mjinga.

Kaka aliandika, na haki yake simnyimi, aliandika vizuri. Ukikosea mara ya kwanza, Kabati linakwambia: "Pole. Huenda kidole kimeteleza tu." Ukikosea tena: "Usijali. Hatuna haraka, jaribu taratibu." Ukikosea na ya tatu: "Bado tuko pamoja. Pumua kidogo, halafu tuanze upya." Wino mwekundu umekwisha, kelele zimekwisha. Siku aliyonionyesha alikuwa anameremeta.

"Maneno haya umeyatoa wapi?" nikamwuliza.

"Kichwani."

Kichwani! Yale ni maneno ya Mama. Tulipokuwa wadogo, ukivunja sahani, Mama alisema huenda kidole kimeteleza tu, kisha akachukua ufagio mwenyewe. Ukikwama kwenye hesabu alikaa pembeni yako: hatuna haraka, jaribu taratibu. Kaka aliyachuma yote akayapeleka sokoni. Kwa hilo sikumlaumu, urithi ni urithi. Nilichomlaumu ni kwamba nyumbani hakubakiza hata moja.

Maana Bwana Pole akivuka kizingiti cha nyumba, pole anaiacha nje pamoja na viatu. "Mama, nimekwambia mara ngapi dirisha hilo lisifunguliwe?" "Mama, si nimeshakujibu?" "Mama, hebu." Hiyo hebu ndiyo iliyokuwa ikiniuma kuliko zote, kwa sababu hata kuimalizia aliona ni kazi. Na nyumba yenyewe ni ya Mama, waliijenga na marehemu Baba tofali kwa tofali. Kaka na mkewe walihamia pale kumtunza, ndivyo walivyosema. Mimi ni msusi, naishi chumba kimoja juu ya saluni, unapanda kwa ngazi ya chuma ambayo magoti ya Mama hayaiwezi. Kwa hiyo fungu langu ni Jumatatu, siku saluni imefungwa: naenda kumsuka na kumpelekea umbeya wa mjini.

Kabla ujumbe mpya haujapelekwa kwa wateja, ilitakiwa ujaribiwe na watu wazima. Kaka akauweka kwenye kompyuta ya Mama, chumbani kwake, kwenye Kabati lenye picha za Baba. Programu ya majaribio ilikuwa inamletea kaka taarifa kila mtu anapokosea. Hazikupita wiki nyingi akaniita sebuleni. Wifi alikuwa amekaa pembeni yake, uso umekunjwa kama wa mfiwa.

"Mama anapotea," kaka akasema. "Paswadi yake ni jina la Baba. Jina la mume wake! Na anakosea asubuhi, anakosea jioni, haipiti siku. Tumeshakwenda kuona makao ya wazee. Ni pasafi, wana wauguzi, bustani ipo. Jumamosi tunampeleka."

"Na chumba chake?"

Wifi akatazama kucha zake. "Hatujafikiria huko, wifi yangu."

Hajafikiria, na mita ya kupimia ya fundi seremala ilikuwa inaning'inia kwenye kitasa cha mlango wa Mama. Nilipita pale nimekasirika hadi masikio yanawaka moto. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, sitaki kusema uongo. Je, kama ni kweli?

Nilimkuta Mama amekaa mbele ya kompyuta. Nikasimama nyuma yake na kitana changu, nikaanza kuzigawa mvi zake, huku macho yangu yako kwenye vidole vyake. Akaandika. Ujumbe ukatoka: "Pole. Huenda kidole kimeteleza tu." Mama akausoma kwa kuchezesha midomo. Akaandika tena, ukatoka wa pili, akatulia, mabega yakashuka. Akaandika mara ya tatu. "Bado tuko pamoja." Hapo akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa salamu.

Sasa mjue kitu kimoja. Mama alikuwa mpiga chapa ofisini hadi alipostaafu. Alikuwa anaandika barua ya mkubwa wake huku akizungumza na mtu mlangoni, na barua inatoka haina doa. Vidole vile havitelezi.

"Mama," nikasema, "jina la Baba unalikoseaje?"

Akafuta alichokuwa ameandika, herufi kwa herufi.

"Silikosei."

"Sasa?"

"Napenda inavyonijibu." Akaushika mkono wangu, akaushusha begani kwake. "Najua ni mashine, usinione mwehu. Na aliyeyaandika maneno hayo namjua, ndiyo maana nayafuata. Huku nje hana nafasi ya kusema na mimi. Humo ndani ananisemesha vizuri."

Nililia nyuma ya kichwa chake, asinione. Nikamweleza habari ya Jumamosi, ya wauguzi na bustani. Nikamwambia: mwambie mwanao ukweli, akuache kwenye nyumba yako.

"Hapana," akasema. "Na wewe usimwambie. Bora anione nimepotea kuliko ajue nimefikia hatua ya kuomba."

Nikamwahidi. Ahadi yenyewe haikufika hata getini. Nilimkuta kaka jikoni na kile kikombe chake, nikamtolea yote, kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kusimuliwa. Nilimwambia kwamba Mama hajapotea, ana njaa. Ana njaa ya neno zuri, na wewe mwanawe unampa kwa mashine! Kaka akainamisha kichwa. Akakiweka kikombe mezani polepole. Nikajua nimemgusa. Mungu anisamehe, hata nilimwonea huruma.

Jumamosi gari halikwenda kokote. Mita ikaondoka mlangoni. Wiki ile niliusuka mji mzima huku ninaimba.

Jumatatu kaka mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, amechangamka kweli kweli.

"Ile habari ya Mama nimewasimulia kikaoni," akasema. "Watu walicheka mpaka machozi! Eti mtumiaji anakosea makusudi ili aambiwe pole! Mkuu akasema huu ni ugunduzi. Ujumbe ukiwa mtamu kupita kiasi watu wananogewa, kazi haziendi. Tumeufupisha. Na kitengo kizima cha ujumbe sasa nimepewa mimi."

"Umeufupisha vipi?"

"Neno la siri si sahihi. Basi. Nimeanza na kompyuta ya Mama, asije akajizoesha. Na unajua nini? Tangu siku hiyo hajakosea hata mara moja. Dawa imefanya kazi."

Nikamtazama mtu niliyenyonya naye ziwa moja. "Na wewe umekwenda kukaa naye? Umemwambia hata pole moja kwa mdomo wako?"

"Sasa mbona unanichosha? Ulitaka abaki kwake, amebaki. Ulitaka nini kingine?"

Nikampita na kitana changu, nikaingia chumbani kwa Mama.

Mama alikuwa kitandani, ameipa kompyuta mgongo. "Ulimwambia," akasema.

"Nilimwambia, Mama. Wangekuhamisha."

"Najua. Na mimi ningesema, angekuwa mama yangu." Akainamisha kichwa ili nianze kufumua. "Nimemsikia hapo mlangoni. Wamecheka sana huko kazini kwao?"

Nikashindwa kumdanganya, nikashindwa kumwambia. Nikaanza, "Pole, Mama, usijali, hatuna..."

"Acha, mwanangu. Ukinihurumia wewe nashukuru. Lakini nilikuwa nataka ya kwake."

Nikaendelea kufumua. Ndipo tukasikia kaka sebuleni anafoka. Amepewa kompyuta mpya ya cheo chake kipya, na neno la siri aliloliweka mwenyewe asubuhi limemtoka. Anagonga vitufe, anatukana, anagonga tena. Mama akanyanyua kichwa, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Akainuka kwa taabu ya magoti yake, akajikokota mpaka mlango wa sebule, nami nyuma yake na kitana mkononi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Huenda kidole kimeteleza tu. Hatuna haraka, jaribu taratibu."

Kaka hakugeuka.

"Mama, hebu," akasema.