Ua Linaloinamia Kushoto

Nilivimwaga vyote juu ya kitanda, nikavipanga safu kwa safu, nikarudi nyuma kuvitazama, nikadhani macho yangu yana kasoro. Vilikuwa vipande vya kufuma alivyoviacha marehemu mama: vyote vya mraba, vyote vya uzi mweupe uleule, kila kimoja na ua katikati lenye petali sita zilizoinama kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Ila upepo wenyewe haukuwa mmoja. Maua mengine yaliinamia kulia, mengine kushoto.

Kwanza nilijicheka. We Paskalina, nikajiambia, umevilaza vingine kifudifudi. Nikavigeuza vile vya kushoto, na kweli maua yakainamia kulia kama wenzake. Lakini katikati ya kila kimoja ukachomoza mkia wa uzi wa kuanzia, ule ambao mfumaji huuacha upande wa nyuma hadi siku ya kuuficha. Kumbe mwanzo nilikuwa nimevilaza sawasawa. Nikavirudisha, vikainamia kushoto tena, nami nikakaa chini na kroshia yangu mkononi, nisijue nianzie wapi.

Kule misheni nilikojifunzia kufuma tulikuwa na msichana mmoja wa Kibena aliyeshika kroshia kwa mkono wa kushoto. Maua yake yalizunguka kinyume na yetu sote, na masista walisema naye mpaka wakachoka. Kwa hiyo nilijua ninachokiona. Mama yangu, kila mtu aliniambia, alifuma kwa kulia. Na katika upande wetu wote wa Mlandege nilimjua mwanamke mmoja tu aliyelima na kutwanga kwa kushoto, na huyo nilikatazwa kumsalimia tangu nilipojua kutembea.

Jina lake Tekla. Aliishi peke yake ng'ambo ya kijito, na hakujaliwa mtoto. Mimi ningali mdogo, mama alikwenda kwake akiwa mzima, akarudi na homa, na kesho yake akafa. Watu wakasema kifo kile kina mkono wa mtu. Shangazi Matilda, dada yake baba, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye aliyenilea. Wakati ule alikuwa ameposwa na mtu wa Dodoma; akamrudishia mahari yake, akasema mtoto wa kaka yake hatalelewa na kuta. Hakuolewa tena. Sasa mtu kama huyo ningemwambia nini?

Tulikuwa mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa saba, baridi ya Iringa imekaza meno. Baada ya mavuno ningefunga ndoa na Crispin, karani wa posta kule Mbeya, na kwetu wanawake walikuwa na desturi yao: siku moja kabla ya bibi harusi kuondoka, vitu vyake hutandazwa vikaguliwe. Sufuria hutazamwa tu. Kitandiko hupitishwa kidole kwenye kila kiungo, nyuma na mbele, na ole wako kidole kikikwama. Ndiyo maana shangazi alifungua sanduku lake na kunipa lile furushi la vipande.

"Mama yako alianza kukufumia kitandiko wewe ungali unanyonya," alisema. "Mimi mikono yangu ni ya jembe, sijui hata kinaanzia wapi. Kiunganishe uende nacho kwa mumeo, watu wajue nawe ulikuwa na mama."

Nilimfuata baba kwenye kibanda chake cha useremala. Alikuwa anapiga randa mbao ya kitanda, kitanda changu chenyewe.

"Baba, mama alikuwa akifuma na nani?"

Randa ikasimama. Baba si mtu wa maneno. Akapuliza maranda, akapima ubao kwa jicho moja.

"Muulize shangazi yako."

"Nakuuliza wewe, baba."

"Nami nimekujibu, mwanangu," akasema, na randa ikaanza tena kukwaruza.

Basi nikavuka kijito. Mungu ndiye shahidi, sikujua nakwenda kutafuta nini. Nilipofika, Tekla alikuwa anaanika ulezi juu ya mkeka, mwanamke mwembamba, kichwa kimejaa mvi. Nilikuwa nimemwogopa maisha yangu yote, na sasa nikaona kwamba hanifikii hata begani.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa Kihehe. Neno *mama* lilinitoka kabla sijalipima.

Akauacha ulezi. "Wewe ni wa Leokadia," akasema.

Nikafungua khanga, nikatoa vipande viwili. Akafuta mikono yake, akaunyoosha ule wa kushoto, kisha akajikumbuka, akaurudisha na kuvipokea kwa wa kulia kwa adabu zote. Akavigeuza, akakuta mikia ya nyuzi, akacheka kidogo.

"Bado mnavyo! Hiki chake. Hiki changu. Tulikuwa tunakaa pale chini ya ghala, yeye huku, mimi kule, viwiko vyetu visigongane." Kisha akauliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake, "Umeshajaribu kuviunganisha vyake peke yake?"

"Bado."

"Vitapinda. Ua likiinamia upande mmoja huvuta kitambaa chote. Chake kinavuta kule, changu kinavuta huku, ndipo kinatulia. Yeye ndiye aliyegundua. Mimi kazi yangu ilikuwa kucheka. Na uunganishe kwa mshono wa kulala, nyuma na mbele pasijulikane. Alitaka hivyo."

Nikaona nikingoja nitaondoka kama nilivyokuja. "Mama Tekla, ulimuua mama yangu?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa amelingojea swali lile miaka yote, na aliyetumwa kuliuliza alikuwa amechelewa. Akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Siku ile nilimpikia uji," akasema. "Akanywa, akausifu. Kesho yake nikasikia kilio. Maji nilichota hapo kijitoni, nami nilikunywa uji uleule, sikuumwa hata kichwa. Uchawi siujui, mwanangu. Lakini uji niliupika mimi. Nimejiuliza mpaka nimechoka, na jibu sina."

Nilitarajia ndiyo au hapana. Mchawi hukana, na asiye na hatia hukana zaidi. Huyu uchawi aliukana, lakini uji hakuukana. Nilirudi nyumbani mkono umebana vile vipande viwili nisijue kipi nikibane zaidi.

Nikafanya kwanza linalofanywa na mwoga: nikaunganisha vya mama peke yake. Kabla hata sijafika katikati, pembe zikaanza kunyanyuka. Nikakilowanisha, nikakinyoosha, nikakipiga pasi ya mkaa. Kikalala nikikitazama, nikigeuka kinajikunja upande. Nikasema basi nitafuma vingine vya kushoto mwenyewe. Nikahamisha kroshia mkono, na mkono ule, ambao maisha yangu yote ulikuwa umefundishwa kungoja, ukaiangusha sakafuni. Nikafumua kila kitu. Nikaanza upya: cha kulia, cha kushoto, cha kulia, cha kushoto. Kikatulia kama maji kwenye beseni.

Mlandege haina siri. Jirani alimwambia shangazi, na shangazi akaja akasimama mlangoni, hakuketi.

"Nasikia umevuka kijito."

"Ndiyo, shangazi."

"Humo ndani mna vyake?"

"Vimo."

Laiti angefoka! Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. "Paskalina, nimekubeba mgongoni. Sikuzaa kwa ajili yako, wala sikujuta hata siku moja. Lakini kitu cha yule mwanamke kikilala juu ya kitanda chako, harusini sifiki, na huko Mbeya hutaniona hadi nafukiwa. Vitoe."

"Vikitoka, shangazi, vya mama navyo havikai."

"Ningejua, ningevitia moto furushi zima." Akachukua mkasi mezani, na nyumba ile haikuwa na mwingine. "Ukishaamua, njoo kwangu uuchukue."

Nilichanganyikiwa mimi, jamani. Shangazi nilimpenda kwa uji wake, kwa vibao vyake, kwa harufu ya khanga yake. Mama nilimpenda kwa kuambiwa. Nani humtosa aliyemlea kwa ajili ya mtu asiyeikumbuka hata sauti yake? Halafu nikitazama kile kitandiko, namwona mtu huyo nisiyemkumbuka ameketi chini ya ghala, anacheka, kiwiko chake hakigongani na cha jirani. Asubuhi nilikusudia kuvitoa. Mchana nilikaa nikaendelea kuificha mikia ya nyuzi, nikiikata kwa meno. Mkono ulishonea njia moja na moyo ulikwenda njia nyingine, nami sikujua niufuate upi.

Siku ya kuonyesha vitu ikafika nami sijaamua. Nilikuwa nimekifua kitandiko, nimekichovya kwenye wanga wa muhogo, nimekianika kwenye majani. Upepo ukakipindua mara mbili tatu, nikakimbilia kukikunja, nikakitandaza juu ya kitanda kipya cha baba. Kilipendeza mpaka nikaona aibu. Ndipo shangazi akaingia, mkasi mkononi.

"Wanawake wako njiani," akasema. "Wewe huwezi, naelewa. Nitafanya mimi, dhambi iwe yangu. Nionyeshe vyake."

Nikainama kumwonyesha, na kidole kikasita hewani. Kwamba hiki na kile si vya mkono mmoja niliona wazi. Lakini kipi cha nani? Kitandiko kikilala uso juu, yanayoinamia kushoto ni ya Tekla. Kikilala mgongo juu, yanayoinamia kushoto ni ya mama. Nikatafuta mikia ya nyuzi iniambie uso uko wapi, na mikia nilikuwa nimeificha yote kwa mikono yangu mwenyewe. Nikapapasa viungo. Mshono wa kulala, nyuma na mbele sawa.

"Hiki?" shangazi akauliza, mkasi umefunguka.

"Sijui."

"Hiki, basi?"

"Shangazi, sijui. Kimegeuka kwenye majani. Chaweza kuwa chake, chaweza kuwa cha mama."

"Umekiunganisha mwenyewe, hukijui?"

"Sikijui."

Alinitazama machoni akitafuta uwongo, na laiti angeuona, ningejua angalau nimedanganya. Mkasi ukabaki wazi juu ya ua moja. Ukahamia la pili. Ukarudi la kwanza. Kisha shangazi Matilda, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye misiba, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuyapapasa maua yale moja baada ya jingine kwa ile mikono yake ya jembe.

"Leokadia," akaita, kama mtu anavyomwita mwenzake aliye chumba cha pili. "Leokadia, wifi yangu, uko wapi humu?"

Nje vigelegele vikaanza kupanda kutoka njia panda. Sikujua nimshike au nimwache. Niliketi karibu naye, begi la safari ya Mbeya likiwa wazi miguuni petu.

Vigelegele vilipofika uani, alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akasimama, akaupitisha mkono kwenye pindo lote la kitandiko kama watakavyofanya wale wanaokuja. Kwenye pembe ya mwisho mkono ukakwama. Mkia mmoja wa uzi wa kuunganishia ulikuwa unaning'inia, niliusahau.

"Na huu je?" akasema. "Ulitaka waje wauone?"

Akaukata kwa mkasi, akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akaenda kuwafungulia mlango.