Tundu Lililozibwa

Mtoto alizaliwa wiki saba kabla ya siku zake. Walipotoka naye kituo cha afya, bibi yake alifunua ncha ya blanketi, akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Huyu si mtoto, ni punje." Jina likamganda. Hata baba yake, seremala asiyependa utani wa majina, alijikuta kila jioni akiuliza mlangoni, "Punje amelala?"

Muuguzi aliyewaaga aliwapa maagizo manne. Mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama akichoka, mwingine ampokee. Chumba kiwe na joto wakati wote. Na jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa dakika tano. Hilo la nne alilirudia huku amemkazia macho seremala.

"Hata kwa dakika tano. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia."

Kazi ilikuwa hilo joto. Mji wao ulikuwa mlimani, na ulikuwa msimu wa ukungu, ule ambao nguo zinaanikwa Jumatatu na hadi Alhamisi bado zina unyevu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, bati juu, bila dari. Jirani, fundi viatu, aliwaazima hita ya umeme. Ilipasha kweli, lakini joto lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye bati likaenda zake, na umeme walioununua wa mwezi mzima ukaisha kwa siku nane.

"Tunawapashia kunguru joto," seremala alisema, amesimama mbele ya mita na mikono kiunoni.

Basi akafanya kile alichokijua. Alichagua chumba cha ndani kwa sababu ndicho kidogo zaidi. Alipigilia dari ya vipande vya plaiwudi vilivyobaki kazini, na juu yake akalaza magunia aliyoyajaza maranda ya mbao. Kingo za mlango akazizungushia mpira uliokatwa kutoka tairi la baiskeli. Dirisha alilipigilia misumari lisifunguke kabisa, kisha akalitundikia blanketi zito kutoka juu hadi sakafuni. Chini ya mkeka akatandaza maboksi. Sehemu moja tu aliiacha wazi: tundu la hewa, upana wa kiganja, juu ya dirisha, nyuma ya blanketi.

Mama yake alimwangalia akishuka kwenye kigoda. "Umeziba hata sisimizi hana pa kupitia, halafu unaacha shimo kule juu! Baridi haina macho mpaka ikose kuliona?"

"Watu lazima wapumue, Mama."

"Sisi tulipumua siku zote, na jiko lilikuwa katikati ya nyumba. Nimekulea wewe na ndugu zako wawili. Nani alikufa?"

Seremala aliliacha tundu wazi. Wote wanne walihamia humo. Hita iliwashwa kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, basi. Muda uliobaki Punje alikaa kifuani kwa mama yake, na mama yake akienda kuoga, kifuani kwa baba. Umeme uliotumika ukapungua zaidi ya nusu. Seremala aliona fahari. Alimleta mpaka fundi mwenzake aje aone dari.

Halafu, siku ya Jumanne, upepo ukabadili upande.

Sasa ulikuwa unapiga dirishani moja kwa moja, na lile tundu likawa linapiga mluzi juu ya kitanda. Alfajiri ya Jumatano mkewe aliamka, akashika miguu ya mtoto, akaikuta ya baridi.

"Fanya kitu," alisema. "Sijui nini, lakini fanya kitu."

Mkewe alipotoka kuchemsha maji, na bibi akiwa bado amejifunika gubigubi, seremala alipanda juu ya kigoda, akapenyeza mkono nyuma ya blanketi, akasokomeza kwenye tundu kipande cha ovaroli kuukuu. Alikikandamiza kwa dole gumba mpaka mluzi ukakoma. Nitakitoa jioni, alijiambia. Hakumwambia mtu. Baada ya nusu saa mkewe aliingia akasema, "Leo afadhali," na seremala akatabasamu peke yake.

Siku hiyo mkewe alikuwa na miadi kituo cha afya, kubadilishiwa bandeji ya mshono wa upasuaji. Kilikuwa karibu, mwisho wa barabara. Bibi angebaki na mtoto.

"Mama, mweke kifuani kama ninavyofanya mimi," mkwewe alimsihi akifunga shali. "Ngozi kwa ngozi, halafu ujifunike."

"Kifua gani, mwanangu? Hizi mbavu tupu? Mimi mwenyewe natafuta wa kunipasha."

"Basi washa hita."

"Nitawasha. Nenda zako, usije ukakosa foleni."

Seremala naye alikwenda karakana. Alikuwa na mlango wa kufunga kwenye duka la mteja, mtu mwenye haraka na maneno mengi. Yeye na fundi mwenzake waliufikisha, wakausimamisha, ndipo akapapasa mfuko na kukuta hana bawaba. Alikuwa amezisahau nyumbani juu ya kabati.

"Dakika kumi tu," alimwambia mteja, akaondoka kabla hajasikia jibu.

Nyumbani mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Redio ilikuwa inazungumza sebuleni, peke yake.

"Mama?"

Alichukua bawaba, akazitia mfukoni. Angeweza kuondoka. Lakini alitaka kumwona mtoto kwanza, basi akasukuma mlango wa chumba cha ndani. Uligoma. Matambara yalikuwa yamesokomezwa chini yake. Akausukuma kwa bega, ukafunguka.

Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa raha. Chumba hakikuwahi kuwa na joto zuri kama lile. Lilimpokea usoni, likamwingia mwilini, na kwa nukta moja alifurahi kwamba kazi yake imefaulu.

Kisha akaona jiko. Lilikuwa ndani ya karai, karibu na kitanda, makaa mekundu safi, bila moshi hata kidogo. Mama yake alikuwa amekaa chini ameegemea kitanda, kichwa kimelala upande. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amefungwa blanketi.

"Mama! Mama!"

Alifumbua macho, akamtazama kana kwamba mwanawe yuko ng'ambo ya barabara. "Kichwa," alisema kwa ulimi mzito. "Baba... kichwa kinanipasuka."

Seremala alimnyakua mtoto. Mkono mdogo ulichomoka kwenye blanketi ukaning'inia. Alimkimbiza sebuleni, akamlaza kwenye kochi karibu na mlango wa mbele, akaupiga teke ukafunguka wazi. Akarudi, akamshika mama yake chini ya kwapa, akamburura mpaka kizingitini. Huko nje mama alianza kutapika.

"Jirani! Jirani!"

Fundi viatu alitokea na nyundo yake mkononi.

"Mkaa," seremala alisema. "Mpeleke Mama kituoni. Mpeleke kwa chochote."

Upepo ulikata kama msumeno, na mtoto hakupaswa kuguswa na baridi ile. Seremala alifungua vifungo vya shati, akamfungua mtoto blanketi, akamlaza kifuani, akafunga shati na koti juu yake, akaanza kukimbia. Mkono mmoja alimshikilia kisogoni. Alijaribu kusikiliza kama anapumua, lakini alichosikia ni moyo wake mwenyewe tu. Alipunguza mwendo asikilize. Hakusikia kitu. Akaongeza tena.

"Punje," alikuwa anasema. "Punje. Haya, mwanangu. Haya."

Mkewe alikuwa kwenye benchi la kituo, kadi mkononi, watu wawili mbele yake. Alimwona mumewe akiingia, kifua kimetuna, na akasimama haraka mno. Mshono ukamvuta akashika tumbo.

"Mbona uko naye? Amefanya nini? Mbona uko naye?"

Muuguzi, yuleyule wa siku ile, hakuuliza mengi. Alinusa, alitazama midomo ya mtoto, akasema neno moja, "Mkaa?" Seremala akaitikia kwa kichwa. Akamchukua mtoto akaingia naye ndani, mlango ukafungwa.

Mume na mke walisimama kwenye ukumbi. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa koti bila kumtazama. Mtu mmoja kwenye benchi alikohoa, akaomba radhi. Kisha, ndani, kikasikika kilio chembamba, kikakatika, kikaanza tena kwa hasira zaidi.

Mkewe aliteremka taratibu mpaka sakafuni, akakaa palepale.

Fundi viatu alimleta bibi kwa mkokoteni, yeye mwenyewe jasho likimtoka kwenye baridi ile. Walimpa bibi oksijeni chumba kilekile, kitanda cha pili. Ilipofika adhuhuri aliweza kukaa. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, ana kimrija cha oksijeni puani, rangi imemrudia.

Ndipo mkewe aliposema, kwa sauti ya chini iliyomtisha seremala kuliko makelele. "Tulikwambia, Mama. Mimi na mwanao, wote wawili tulikwambia." Akamgeukia mumewe. "Akitoka hapa aende kwa dada yako. Simwachii tena mwanangu."

"Ana haki," bibi alisema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilishika kitufe cha hita, nikakiacha. Baba, kila siku nakuona unaisoma ile mita kama gazeti. Unaguna. Nikasema, leo nimpunguzie mwanangu kidogo." Akavuta pumzi. "Na shimo si lipo pale juu? Ulisema ni la kupumulia. Nikajua hewa itapita."

Seremala alihisi masikio yakimwaka. Blanketi lilikuwa limeficha kile kitambaa. Mama yake hakukiona, mkewe hakukiona. Akitangulia nyumbani peke yake, akipanda kigoda, basi, hakuna atakayejua. Mama ataenda kwa dada kwa mwezi, miezi miwili, mambo yatapoa. Alifika mbali na wazo hilo. Alifika mpaka kufikiri atakitupa wapi.

Muuguzi alikuwa anaandika. "Hicho chumba kina tundu la hewa?"

"Lipo," mkewe alijibu. "Aliliacha yeye."

"Lilikuwa wazi?"

Wanawake watatu wakamtazama.

"Nililiziba," seremala alisema.

Mkewe hakuelewa. "Umeliziba lini?"

"Asubuhi. Ulipokwenda kuchemsha maji. Uliposema leo afadhali... ni kwa sababu hiyo. Nilitaka kulizibua jioni."

"Na umekaa hapa. Umenisikiliza nikimfukuza mama yako."

"Ndiyo."

Bibi aliweka mkono mdomoni. Muuguzi alimaliza sentensi yake, akafunga daftari. "Tundu likiwa wazi lisingetosha," alisema. "Mkaa haungoji tundu. Msije mkajidanganya kwamba siku nyingine mtaliacha wazi muwashe tena. Lakini leo mlisaidiana kumuua, mmoja juu, mmoja chini. Ungechelewa robo saa tungekuwa tunaongea mengine." Akatoka.

Bibi ndiye aliyelia. Seremala alitamani naye alie, lakini macho yalikataa.

Mkewe hakumsemesha siku hiyo wala usiku wake. Alimruhusu kumpokea mtoto zamu ilipofika. Alifungua shali, akamkabidhi, akageukia ukutani. Kesho yake asubuhi bibi aliruhusiwa. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, mfuko wa nguo uko tayari.

"Weka chini huo mfuko," mkewe alimwambia wifi yake. "Mama anarudi nyumbani. Kama ni kufukuza, nitafukuza nyumba nzima, nibaki na nani?"

Siku ya tatu wakawaruhusu wote. Seremala alikuwa ameshang'oa misumari ya dirisha na kutia bawaba, lifunguke kwa mkono mmoja. Kwenye tundu alipigilia wavu wa chuma, kisisokomezwe kitu. Hita itawashwa kwa muda wa saa sita kila siku. Kuhusu umeme, alikubali kazi ya madawati ambayo wiki iliyopita aliikataa kwa kuwa malipo yake ni madogo.

Walirudi kwa miguu, polepole kwa ajili ya mshono. Bibi alitangulia na fundi viatu, wakibishana kama mkokoteni ulimtikisa au haukumtikisa. Ukungu ulikuwa umeinuka mpaka juu ya mapaa.

"Kuna kingine hujaniambia?" mkewe aliuliza.

"Hapana."

"Usijibu haraka. Fikiria."

Alifikiria kweli. Walipita duka la mteja, mlango mpya bado umeegemezwa ukutani. Walifika kwenye kona.

"Hapana," alisema.

Mkewe alimtazama, akahamisha uzito wa mtoto kifuani. "Haya," akasema. "Shika huu mfuko."