Mama na Mguu wa Mkwewe

Mama yangu, Paraska Hnatiuk, hakuona haya kwa mambo mawili: kula kitunguu saumu kabla ya kwenda kanisani, na kumtukana mkwewe mbele za watu. Mkwewe ni mume wangu Lorne, aliyekuwa mpigaji wa Korongo, timu yetu ya Saskatoon. Katika mpira wetu huu wa umbo la yai, wenzake husukumana na kuangushana mpaka wakwame, ndipo mpigaji anaitwa, anaingia na jezi safi, anaupiga mpira upite kati ya milingoti miwili. Akipata, pointi tatu, na hakuna anayemkumbuka. Akikosa, mji mzima unajua anakoishi.

Mwaka ninaousimulia Lorne alikuwa na miaka thelathini na saba, na goti lake moja lilikuwa likilia kama mlango wa ghala. Korongo hawakuwa wameshika Kombe la Grey, lile la mabingwa wa ligi, tangu nikiwa shule ya msingi. Tulifungua msimu kwa kufungwa mechi tano mfululizo, na mbili kati ya hizo zilipotea miguuni mwa mume wangu. Mama alikaa nyuma ya benchi letu, amevaa jezi ya rangi ya machungwa yenye jina la mkwewe mgongoni, na sauti yake haikuhitaji kipaza.

"Lorne! Milingoti iko huku! Huko ni kwenye maegesho!"

Tukirudi nyumbani alimpakulia sahani iliyojaa viazi na maandazi ya jibini, akaisukuma mbele yake.

"Kula, baba. Labda ni njaa."

"Asante, Mama," Lorne alijibu, akala.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hamjibu. Akafikiri kidogo. "Nimjibu nini, Zenia? Mpira kweli ulikwenda kwenye maegesho."

Matusi ya uwanjani hayakumtosha Mama. Baada ya kila mechi redio ya mji ilikuwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu, na Mama alijifungia chumbani akapiga akijiita Bibi Smith. Alidhani hatujui. Lafudhi yake ya Kiukraine ungeitambua hata akikohoa.

"Karibu, Bibi Smith," mtangazaji Clem alimwambia huku akijizuia kucheka. "Leo unasemaje?"

"Nasema huyo Lorne aende kupiga mbuzi! Sina undugu naye, lakini nasikia ana mke mzuri na mama mkwe mvumilivu sana."

Mwezi wa Agosti kocha Desmond Tull alimwondoa Lorne kwenye timu. Alimwita ofisini asubuhi, na kufikia mchana Lorne alikuwa shambani kwetu, juu ya mashine ya kuvuna, anakata ngano kimyakimya. Nilimpelekea chai. Akaniambia, "Angalau huku nikikosa, ngano hainizomei." Alicheka peke yake, kisha akageuza uso.

Mama alizipata habari redioni. Nilimkuta jikoni anafunga kamba za viatu.

"Nipeleke uwanjani."

"Mama, leo hakuna mechi, ni mazoezi tu."

"Nimekuuliza ratiba?"

Tulimkuta Tull kando ya uwanja, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni. Mama alimfikia kifuani.

"Wewe ndiye uliyemfukuza mkwe wangu?"

"Mama Hnatiuk, wewe mwenyewe umekuwa ukipiga simu redioni kila wiki ukisema hafai."

Nikamwona Mama anatahayari kidogo, lakini kidogo tu.

"Hiyo simu alipiga Bibi Smith! Halafu sikiliza, bwana. Kumsema Lorne ni kazi yangu. Ni mkwe wangu, nimemlisha, nina haki. Wewe umemlisha nini?"

Wachezaji waliacha mazoezi wakasogea kusikiliza. Tull alijikuna shingo. Akasema ameshampata kijana mwingine, mguu wake kama mzinga, na uamuzi umepita.

"Mzinga," Mama alisema tukiwa tunaondoka. "Mzinga hauna akili. Mzinga unalipuka."

Kijana hakulipuka. Alipiga vizuri na Korongo wakaanza kushinda, na kwa wiki kadhaa nyumba yetu haikuwa na raha: kushangilia tukashindwa, kununa tukashindwa. Mwishoni mwa Septemba kijana akachanika msuli wa paja, na zilikuwa zimebaki mechi chache. Simu ya Tull ilimkuta Lorne kwenye kihenge, vumbi hadi kwenye kope.

"Rudi," kocha alisema. "Ila nakuomba jambo moja. Mama mkwe wako abaki nyumbani."

"Kocha," Lorne akamjibu, "hilo limenizidi uwezo."

Akarudi. Sijui kama ni yale mapumziko yaliyomponya goti, au ni kwamba aliyekwisha kufukuzwa hana tena cha kuogopa, lakini alianza kupiga kama ujanani. Tukaingia mchujo kwa kuponea chupuchupu, tukashinda ugenini kwenye mvua, tukashinda tena, hadi tukafika fainali. Na fainali ya mwaka huo ilikuwa imepangwa kuchezwa kwetu, Novemba, dhidi ya Wachimbaji wa Sudbury.

Baridi ya siku ile iligandisha chai kikombeni. Watu walivaa hadi mapazia. Mama alikuwa na blanketi mbili na ile jezi juu ya vyote, na kwa mara ya kwanza hakusema neno. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Niache," akasema. "Naogopa."

Dakika ya mwisho tulikuwa sare, ishirini na tatu kwa ishirini na tatu, saa ikabakiza pigo moja. Lorne akaitwa. Milingoti ilikuwa mbali na upepo ukimpiga shavuni. Akapiga. Mpira ukapaa vizuri, kisha upepo ukauchukua, ukapita nje ya mlingoti wa kulia.

Uwanja mzima ulikufa ganzi. Katika kimya hicho nilimsikia Mama akisema taratibu, "Jamani, mwanangu." Miaka kumi na minne ya ndoa yangu, hakuwahi kumwita hivyo.

Lakini mpira ulikuwa bado hai. Kwetu nyuma ya milingoti kuna kipande kingine cha uwanja, na mpira ukipigwa ukafia humo mikononi mwa wapinzani, aliyepiga anapata pointi moja. Mchezaji wa Sudbury aliudaka humo ndani, akaona watu wetu wanamjia kama ng'ombe waliovunja zizi, akaupiga kwa mguu kuutoa nje. Ukaruka juu ya vichwa vya wote, ukaenda kushuka pale aliposimama mtu mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Lorne!" Mama alinguruma, blanketi zikaanguka. "Juu! Angalia juu, mpumbavu wee!"

Akaangalia juu. Akaudaka kifuani, karibu umwangushe, na bila kupanga chochote akaupiga kuurudisha ulikotoka. Yule wa Sudbury akaukimbilia, akauokota humo humo nyuma ya milingoti, akainua mguu aupige tena, na mguu wa pili ukateleza kwenye barafu. Akakaa chini kama mtoto anayejifunza kutembea, ameukumbatia mpira, na nusu ya timu yetu ikamlalia.

Pointi moja. Kombe.

Sikumbuki jinsi Mama alivyoruka ukuta. Nilimwona tu katikati ya uwanja, amemshika Lorne masikio yote mawili, anambusu paji la uso na kumtukana kwa zamu.

Mji ulisherehekea wiki nzima, ila mume wangu alikuwa mnyonge. Watu walimpongeza, akawajibu kwamba alikosa. Zamu ya wachezaji kukaa na kombe ilipotufikia, tuliliweka mezani jikoni, majirani wakapita kuligusa, naye akaketi pembeni anamenya viazi. Walipoondoka, Mama alivuta kiti mbele yake.

"Wanangu wa kiume wa kuzaa ni wanne," alisema. "Hakuna hata mmoja ambaye kitu kikimponyoka husimama akikingoja kirudi. Wote wamenikimbia, wako Toronto."

"Mama, nilikuwa nimesimama kwa sababu nilitaka kulia."

"Sasa si ulisimama?"

Lorne akacheka hadi kisu kikamdondoka. Kisha akatuambia kwamba mguu umekwisha, kwamba asubuhi ameshampigia Tull kumwambia hatarudi, yule kijana aendelee. Nilidhani Mama atawaka. Badala yake alichukua kisu kutoka sakafuni, akakifuta kwa aproni, akachagua kiazi kikubwa.

"Unamenya vibaya," akamwambia. "Ngozi nene hivi, tutakula nini?"

Wakamenya pamoja mpaka sufuria ikajaa.