Daktari wa Ng'ombe Achagua Baiskeli

Daktari wa ng'ombe hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliingia dukani asubuhi na fimbo yake mkononi, wifi yake nyuma yake, na kabla hata salamu hazijaisha akatangaza: "Leo siondoki hapa bila baiskeli."

Mwenye duka aliinua kichwa kutoka kwenye rimu aliyokuwa akiinyoosha. Watu walimwita Mnyororo, kwanza kwa sababu ya kazi yake, pili kwa sababu maneno yake yakishaanza kuzunguka hayana mwisho. Alimtazama daktari, akaitazama fimbo, akamtazama tena daktari, na mtu yeyote angeweza kusoma alichokuwa akifikiri.

"Usiniangalie hivyo," daktari akasema. "Daktari wa watu ameniruhusu. Mfupa umeunga, na chuma kiko ndani. Sasa na mimi nina fremu."

Mnyororo akacheka, akaenda kuzitoa baiskeli nje moja moja.

Ukweli ni kwamba ruhusa ya daktari wa watu haikuwa tatizo. Kazi ya daktari wa ng'ombe ilikuwa nusu lami, nusu vumbi: kutoka ofisini hadi mwisho wa barabara, kisha njia za kokoto na matope kuelekea kwa wafugaji. Msimu uliopita, akirudi kutoka kuzalisha ng'ombe, alijaribu kupanda kutoka kwenye udongo kuingia kwenye lami, pale ambapo mvua imekula ukingo ukabaki kama ngazi. Tairi nyembamba ya baiskeli yake ya zamani iliserereka kando ya ukingo, na yeye akaangukia paja la kulia, mfupa ukavunjika. Tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani, kisha wa magongo, kisha wa fimbo.

Mwenyekiti wa chama cha wafugaji alimvumilia muda wote huo, lakini ndama hawasubiri mifupa ya mtu iunge. Ng'ambo ya mto kulikuwa na daktari mwingine, kijana mwenye pikipiki, aliyekwisha kujipigia debe. Jana mwenyekiti alipiga simu, akasema kwa upole ambao ulimchoma kuliko matusi: "Daktari, kabla ya kesho jioni tuambie. Unarudi njiani, au tumwite yule?" Pikipiki yeye hakuitaka. Ng'ombe mwenye uchungu hapendi kelele, na yeye mwenyewe alizichukia. Kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na wazo la mtu mwingine kuingia kwenye mazizi yale na buti safi lilimtia wivu usio na aibu.

Ndiyo maana mumewe alimtuma dada yake aje naye. "Nenda wewe," alimwambia. "Mimi atanidanganya kwamba mguu uko sawa." Huyo dada alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima viuno vya watu kwa jicho tu, na mdomo wake haukuwa na breki hata moja. Alijichagulia kigoda karibu na mlango, akakaa kama aliyekuja kuangalia mpira.

Daktari akaanza kazi. Na hapo ndipo Mnyororo alipoona jambo ambalo hajawahi kuliona tangu afungue duka, kwa sababu mwanamke huyu alizikagua baiskeli kama ng'ombe mnadani. Ya kwanza, nyembamba yenye usukani uliojikunja, aliipapasa shingo, akaminya tairi, akatikisa kichwa. "Huyu ni wa lami tupu. Akiona kokoto atalia."

Ya pili ilikuwa na tairi nene na springi mbele. "Huyu fahali. Kwenye matope ni mfalme, lakini kwenye lami atanimaliza pumzi kabla sijafika kwa mgonjwa."

Mnyororo akaisogeza ya tatu, ya fremu iliyoshuka katikati na kikapu mbele. "Hii sasa, mama, kwa hali yako..."

"Hali yangu ipi?"

"Nasema tu, kupanda ni rahisi, huinui mguu."

"Gia hana, keria yake ni mapambo, sanduku langu la dawa litaivunja siku ya kwanza. Huyu ni wa kwenda dukani na kurudi. Nikifika kwenye kilima nitambeba mimi. Mwondoe."

Ya nne haikuwa na sura. Rangi yake ilikuwa ya tope, kana kwamba ilishachafuka ikiwa kiwandani. Lakini tairi zake zilikuwa za wastani, laini katikati na zenye meno pembeni. Gia zilikuwepo, breki za diski, keria ya chuma kizito, na usukani ulikaa juu kiasi cha mtu kutouinamia. Daktari akaisogelea. Akapitisha kidole kwenye meno ya tairi.

"Mtembeze," akasema.

"Nani?"

"Wewe. Nenda mpaka pale kwa kinyozi urudi. Mimi nisimame nyuma. Mnyama huangaliwa akienda, tena huangaliwa akirudi."

Mnyororo akapanda, akaenda, akarudi. Daktari akamtuma tena, safari hii apite kwenye kokoto. Akasikiliza mnyororo, akaangalia gurudumu la nyuma kama linayumba, akamwamuru afunge breki ghafla, kisha ainyanyue juu ili aone uzito. Fundi alikuwa akitoka jasho kwenye duka lake mwenyewe.

"Naichukua," daktari akasema, mkono tayari kwenye mkoba.

Wifi yake hakuinuka kutoka kwenye kigoda. "Wifi, nakupa hongera. Umemwangalia meno, umemwangalia kwato, ametembezwa huku na huku kama bibi harusi. Kimebaki kipimo kimoja tu."

"Kipi?"

"Makalio yako."

Mnyororo akakohoa, akaanza kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

"Nitaijaribu nyumbani," daktari akasema.

"Nyumbani ipi? Nyumbani utaiegemeza ukutani. Leo utasema jua kali, kesho utasema kuna upepo. Mimi nakujua. Tangu tumefika hapa umezishika zote, na hujapanda hata moja."

Daktari akautoa mkono kwenye mkoba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alikuwa ameshtuka tangu asubuhi, tangu alipofunga kamba za viatu. Alikuwa anaogopa. Njia yake ya kununua ilikuwa safi kabisa, hakuna aliyewahi kumlaumu kwayo mnadani, na aliichagua leo kwa sababu moja tu: ng'ombe hapandwi.

"Haya," akasema, na sauti yake ikatoka kavu. "Ilete."

Akaishika usukani, akasimama upande wa kushoto kama alivyosimama maisha yake yote, akarusha mguu wa kulia nyuma kupita juu ya kiti. Mguu haukufika. Ulipanda nusu ya safari, ukagoma, kisigino kikagonga kiti, baiskeli ikayumba, na kama si mikono ya Mnyororo wangekuwa chini wote wawili. Kwa kinyozi, mteja aliyenyolewa nusu kichwa aligeuka kutazama.

"Mama," Mnyororo akasema taratibu, bila mzaha, "ile ya fremu ya chini bado ipo."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo akaitazama ile yenye kikapu, akaona jinsi ilivyo rahisi. Angeipanda sasa hivi. Angeenda nayo dukani na kurudi, salama, mpaka azeeke.

Akabaki amesimama, mkono juu ya kiti cha ile ya rangi ya tope. Kiti kilimfika kiunoni. Alishawahi kusimama hivi mara nyingi, mbele ya madume marefu yasiyofikika, na wenye mifugo pembeni wakimwambia haiwezekani. Dume likiwa refu hukai ukalia, wala hulikati miguu. Unalilaza.

"Niachie," akamwambia Mnyororo. "Sogea kidogo."

Akaiinamisha baiskeli upande wake, taratibu, mpaka bomba la juu la fremu likafika usawa wa kifundo cha mguu. Akainua mguu wa kulia kidogo tu, akalivuka kama mtu anayevuka mfereji. Kisha akaisimamisha, ikaja juu yenyewe, ikakaa katikati ya miguu yake.

Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, Mnyororo alikatika. Alichukua spana, akashusha kiti mpaka nyayo za daktari zikagusa ardhi vizuri.

"Punguza na upepo kidogo," daktari akasema. "Tairi ngumu ndiyo iliyoniangusha. Hiyo, na ujinga wangu."

Akaondoka. Mizunguko ya kwanza ilikuwa ya kuyumba, wifi akashika mdomo, kisha mguu wa kulia ukakumbuka kazi yake na baiskeli ikanyooka. Akapita kwa kinyozi, akapita karakana ya mbao, akafika pale lami inapokwisha, akashuka kwenye udongo kama mtu anayeshuka kitandani. Vumbi lilimpokea. Akacheka peke yake.

Kurudi ndiko kulikokuwa na deni la zamani. Ukingo ulikuwa mbele, umeliwa na mvua, mrefu kama ule uliomwangusha. Mara ile aliujia ubavuni, kwa kuubembeleza, kwa sababu alikuwa amechoka. Sasa akapiga moyo konde, akazunguka kwa upana, akaukabili uso kwa uso, akainuka kidogo kwenye kiti na kuachia breki. Gurudumu la mbele likapanda. La nyuma likafuata, na lami ikawa chini yake.

Aliporudi dukani hakushuka. Alilipa akiwa juu ya kiti, akamwonyesha Mnyororo fimbo aliyokuwa ameiacha mlangoni. "Nifungie hapo kwenye keria. Mguu huu bado ni ule ule, nitaihitaji nikishuka." Kisha akampigia mwenyekiti.

"Daktari," mwenyekiti akasema, "nilikuwa nasubiri jibu lako la..."

"Huyo anayelia nyuma yako ni nani?"

"Yule mweusi wetu. Uchungu umeanza alfajiri, ndama hatoki. Yule wa pikipiki hapatikani kwenye simu."

"Msimvute ndama kwa kamba. Napitia sanduku ofisini, nakuja."

Wifi akainuka kwenye kigoda kwa mara ya kwanza. "Unakwenda wapi? Tulikuja kununua tu! Kaka yangu akiniuliza mkewe yuko wapi nimwambieje?"

Daktari alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedali.

"Mwambie niko kazini."