Mawese Ndani ya Selo

Mume wangu Elikana ni fundi mitumbwi hapa Ujiji, na kwa habari ya mbao haambiliki. Mwaka ule wa tisini na saba, wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo, alimpa Anatoli wa Uvira kona ya banda lake atengeneze selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti. Nilimsifu kwa majirani. Sasa sifa zile zinanichoma.

Kwao Anatoli alikuwa fundi wa ala za muziki. Katika kukimbia alivunjika mkono wa kulia, ukaunga vibaya, na wanakwaya wenzake wa kanisani walishaanza kumwonea huruma. Selo hiyo ndiyo ingemwambia kama bado ni fundi. Mgongo aliuchonga kwa mninga, tumbo, yaani uso wake wa mbele, kwa ubao mwepesi, akilipunguza kidogokidogo huku akiligonga kwa kidole na kusikiliza. Nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli.

"Tumbo hili linataka mawese," Elikana alimwambia. "Kiangazi hiki litapasuka."

"Hapana, Mzee. Likinywa mafuta, sauti inakufa. Uliache kavu."

Elikana alirudi kwenye mtumbwi wake. Nilidhani ameelewa, kumbe amenuna.

Siku ya kuijaribu, wanakwaya walijaa bandani. Anatoli akavuta upinde. Ikatoka sauti nzito, iliyoziba, kama ya mtu anayeongea kajifunika blanketi. Akakaza nyuzi, akavuta tena. Vilevile. Mmoja akakohoa, wengine wakatazama chini.

Anatoli aliulaza upinde. "Munisamehe, Mzee. Munisamehe, Mama. Niliharibu mbao zenu bure. Huu mkono ulikufa, na miye nilikuwa nakataa."

Nilimtazama mume wangu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikasogea, nikainamia tundu la selo. Banda letu lote hunuka mawese, maana ndiyo tunayolowekea pamba ya kuzibia mitumbwi, lakini humo ndani harufu ilinipanda puani nikapiga chafya. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sema," nikamwambia Elikana. "Usiposema, nasema mimi."

Alijifuta jasho kwanza, nikamchukia.

"Nilimimina mimi," alisema, akiangalia miguu yake. "Ulipokwenda kanisani. Nikaigeuzageuza yaenee. Nilijiambia wewe hulijui jua la hapa."

Nilingoja matusi. Yangetufaa. Anatoli aliutazama mkono wake, akakunja vidole, akavikunjua. Kisha akapiga magoti, machozi yanamtoka.

"Kumbe ni mafuta! Haiko mkono! Aksanti, Mzee. Aksanti sana."

Akamkumbatia mume wangu miguu, mbele ya watu wote, na Elikana akawa anajaribu kujinasua asiweze. Mimi nilitoka nje, nikajifanya naanua dagaa ambao hata hawajakauka.